Moyo Ulioachwa Mtini: Kisa cha Kima na Papa, Kikisomwa Anderlecht



Safu yetu ya uhakiki kwa kawaida huchukua kitabu kipya. Safari hii tumechukua hadithi kongwe ambayo wengi wetu tuliisikia kabla hatujajua kusoma, yaani Kisa cha Kima na Papa. Sababu tutaieleza mbele kidogo. Kwanza tukumbushane hadithi yenyewe, maana tumeona kwamba karibu kila mtu anaijua nusu tu.

Kima na Papa walikuwa marafiki. Palikuwa na mkuyu mkubwa, nusu ya matawi yake yakiwa upande wa mji na nusu juu ya maji ya kina. Kima alikuwa akila makuyu kila siku, na Papa akija chini ya mti huomba atupiwe, naye hutupiwa. Mambo yakaendelea hivyo hadi siku Papa alipomwalika rafiki yake kwao ili amlipe fadhila. Kima akapanda mgongoni. Walipofika katikati ya safari, Papa akatoboa siri: Sultani wao ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakulia wala hakuomba. Alimlaumu tu Papa kwa kutomwambia mapema, kwa sababu, alisema, kima wote wakitoka kutembea huiacha mioyo yao juu ya miti na kuchukua miili mitupu. Papa akageuza njia ili wakauchukue huo moyo. Kima akaruka mtini, akakaa kimya. Alipoitwa tena na tena, akajibu kwa kisa kingine ndani ya kisa: punda wa dobi, aliyemponyoka simba mara ya kwanza, kisha akadanganywa na sungura akarudi mara ya pili, akauawa. Sungura akala moyo na masikio ya punda, halafu akamweleza simba kwamba punda yule hakuwa navyo kabisa, kwani angekuwa navyo asingerudi.

Askofu Edward Steere aliikusanya hadithi hii Unguja na kuichapisha London mwaka 1870 katika kitabu chake Swahili Tales, kwa jina la Kisa cha Punda wa Dobi. Lakini asili yake ni ya kale zaidi. Imo katika Panchatantra ya Kihindi, pamoja na punda wake, na ndugu yake mmoja anapatikana katika Jataka za Kibudha. Iliingia pwani yetu kama zilivyoingia nguo na vyombo, na ikabadilika. Kule India anayeutaka moyo ni mke wa mamba. Kwetu mke ameondolewa, na mahali pake pamewekwa Sultani mgonjwa aliyeandikiwa dawa. Sisi tunaona kwamba badiliko hili lina uzito kuliko inavyodhaniwa. Jambo lililokuwa tamaa ya ndani ya nyumba limegeuka agizo la tiba, na nyuma ya agizo hilo kuna mamlaka.

Shuleni tulifundishwa maudhui mawili ya kisa hiki: urafiki wa uongo na werevu wa mnyonge. Hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu unahusu mhusika asiyesema neno hata moja, naye ni Sultani. Hadithi inakwisha Kima akiwa juu ya mti na Papa akirudi mikono mitupu (papa hana mikono, lakini tunaelewana), na hakuna hata mmoja anayeuliza mgonjwa alikuwaje. Alipona? Alikufa? Hadhira inacheka na kwenda kulala.

Sisi tunaoishi Anderlecht hatuna nafasi ya kumsahau mgonjwa kwa urahisi namna hiyo. Mwisho wa metro nambari 5 ipo Hospitali ya Erasme, iliyofunguliwa mwaka 1977 na kupewa jina la Erasmus, mtu wa vitabu aliyekaa miezi michache hapa Anderlecht mwaka 1521. Na miongoni mwetu wapo wanaosafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, wakisubiri figo. Mzee mmoja wa kwetu, ambaye ni mmoja wa hao, alikuwepo watoto waliposimuliwa kisa hiki kwenye mkutano wetu wa jumuiya. Alicheka pamoja na watoto. Kisha akasema, "Sasa wanangu, mimi ndiye yule Sultani?" Hakuna aliyejua amjibu nini. Uhakiki huu umeanzia kwenye swali lake.

Tena hapa Ubelgiji sisi sote ni akina Kima bila kujua. Sheria ya tarehe 13 Juni 1986 inasema kwamba raia yeyote, na mgeni yeyote aliyeandikishwa nchini kwa zaidi ya miezi sita, anahesabiwa kuwa amekubali viungo vyake vitolewe akifariki, isipokuwa kama mwenyewe amekataa akiwa hai. Kukataa au kukubali waziwazi huandikishwa kwenye komini. Wengi wetu tuna kitambulisho cha komini mfukoni kwa miaka ishirini na habari hii hatujapata kuisikia. Hatumwambii mtu akubali au akatae. Hilo ni lake na familia yake. Tunachosema ni kwamba Papa alikosa adabu kwa kumwambia Kima katikati ya bahari, na inafaa sisi tuambiane tukiwa bado nchi kavu.

Sasa tuje kwenye uongo wa Kima, kwamba moyo unaweza kukaa mahali pengine huku mwenyewe akitembea. Kwa wasimuliaji wa zamani jambo hilo halikuwezekana, na utamu wa hadithi ulikuwa hapo: Papa ni mjinga kiasi cha kuamini. Lakini katika kampasi hiyohiyo ya Erasme, kwenye maabara za Chuo Kikuu Huria cha Brussels, ULB, pameanza kufanyika jambo linalofanana nao.

Mnamo Oktoba 2012, kikundi cha Profesa Sabine Costagliola, mwandishi wa kwanza akiwa Francesco Antonica, kilitoa makala katika jarida la Nature kuhusu tezi ya thairoidi, ile iliyo shingoni. Walichukua seli shina za kiinitete cha panya, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi. Wakaziwashia jeni mbili kwa muda mfupi, NKX2-1 na PAX8, ambazo ndizo huiambia seli kwamba wewe ni wa tezi. Baada ya hapo wakazilisha homoni ambayo ubongo huitumia kuiamrisha tezi ifanye kazi. Seli zikageuka kuwa za tezi. Hilo peke yake lisingetushangaza sana. Lililotushangaza ni kwamba zilijipanga. Zilijikusanya katika vifuko vya mviringo vyenye uwazi katikati, kama zilivyopangwa ndani ya shingo ya kila mmoja wetu, bila mtu kuzifinyanga, na zikaanza kunasa iodini. Watafiti walivipandikiza vifuko hivyo kwa panya ambao tezi zao zilikuwa zimeharibiwa, tena hawakuviweka shingoni, bali kwenye figo, chini ya ngozi yake nyembamba. Homoni ikarudi katika damu. Tezi ya shingo ilikaa kwenye figo ikatimiza kazi yake! Mwaka 2022 kikundi hichohicho, mwandishi wa kwanza akiwa Mirian Romitti, kilieleza katika Nature Communications kwamba kimefanya hivyo kwa seli za binadamu, na kuzipandikiza tena kwa panya.

Tusiongeze chumvi. Vifuko hivi ni vidogo mno. Tezi ni kiungo chenye mpangilio rahisi kiasi, nayo hutoa homoni na kuiachia damu iibebe. Figo ina aina nyingi za seli, kila moja mahali pake, na mirija iliyosukwa pamoja na mishipa ya damu. Tatizo kubwa la fani hii yote ni damu hiyo: kinyama kikiwa kinene kidogo tu, seli za katikati hukosa hewa na chakula zikafa. Wapo waliojaribu njia nyingine. Mwaka 2008 huko Minnesota, Marekani, Harald Ott na Doris Taylor waliuosha moyo wa panya aliyekufa kwa dawa ya aina ya sabuni mpaka seli zote zikatoka na kubaki gofu jeupe, kisha wakalijaza seli changa. Moyo ule ulidunda, kwa nguvu kama asilimia 2 ya moyo wa panya mkubwa. (Punda tumeshampata, sasa tumempata na dobi.) Mzee wetu wa figo asitegemee kitu cha namna hii mwaka huu wala mwakani, na anayemwambia vingine anampotosha.

Hapa ndipo kazi ya mhakiki inapoanza, kwa sababu habari za sayansi nazo ni hadithi, zina msimulizi, zina wahusika na zina wanaofichwa. Vyombo vyetu vya habari vya Kiswahili hupenda kusema kwamba wataalamu "wameotesha" kiungo. Neno ni zuri na lina harufu ya shamba, kama lilivyo neno kupandikiza. Lakini mtu akiotesha mchicha nyuma ya nyumba haulizwi mbegu ni za nani. Mbegu za huku zina wenyewe. Seli shina za kiinitete cha binadamu zinatokana na viinitete vilivyotolewa na watu waliokuwa wakitafuta mtoto kwa msaada wa hospitali. "Kuotesha" kunamfuta mtoaji kwenye sentensi.

Kazuo Ishiguro aliliona jambo hili vizuri katika riwaya yake Never Let Me Go ya mwaka 2005. Vijana waliotengenezwa kwa kunakili watu wengine wanalelewa katika shule nzuri ya Uingereza iitwayo Hailsham, ili wakikua watoe viungo vyao, kimoja baada ya kingine, hadi wafe. Kufa kwao hakuitwi kufa; kunaitwa kukamilika. Msimulizi, Kathy H., ni mmoja wao na anawauguza wenzake. Wasomaji kadhaa wa kwetu walikasirishwa na riwaya hii: mbona hawakimbii? Mbona hakuna hata Kima mmoja kati yao? Sisi tunamtetea mwandishi. Kima alipewa habari ghafla, akiwa mtu mzima mwenye mti wake. Hawa waliambiwa kidogokidogo tangu utotoni, kwa maneno laini, mpaka wakaona ni wajibu. Karibu na mwisho, mwalimu wao wa zamani, Miss Emily, anakiri kwamba watu wa nje walipendelea kuamini kuwa viungo vile vimejitokea tu vyenyewe. Ni neno "kuotesha" kabisa, kwa Kiingereza.

Lakini riwaya hiyo, pamoja na ukubwa wake, ina shimo lilelile la kisa chetu. Wanaopokea viungo hawaonekani. Hakuna mgonjwa hata mmoja anayepewa uso. Ishiguro anatufanya tuwalilie akina Kathy, na amefaulu, lakini amefaulu kwa kumwacha Sultani nje ya ukurasa. Tungependa kusoma kitabu kinachowaweka wote wawili kwenye meza moja. Tunadhani ni kigumu kuandikwa, na ndiyo sababu hatujakiona.

Mgonjwa anapokosa sauti, hata yeye anaweza kuliwa. Mfano tunao, na unatoka upande wetu wa Afrika. Andemariam Beyene, Mweritrea aliyekuwa akisoma jiolojia Iceland, alikuwa na uvimbe katika koo la hewa. Juni 2011, katika Hospitali ya Karolinska huko Sweden, daktari Paolo Macchiarini aliliondoa koo hilo na kumwekea la plastiki lililotiwa seli za uboho wake mwenyewe. Magazeti ya dunia yalishangilia. Koo jipya, seli zako mwenyewe, hakuna Kima wa kudhurumiwa: hadithi ilikuwa tamu mno. Novemba mwaka huohuo jarida la The Lancet likaichapisha kama mafanikio. Seli hazikulifanya lile plastiki kuwa kiungo hai. Beyene alifariki Januari 2014. Filamu ya mwandishi wa habari Bosse Lindquist, iliyoonyeshwa na televisheni ya Sweden mwaka 2016, iliiambia nchi yale ambayo madaktari wenzake Macchiarini walikuwa wameshayasema bila kusikilizwa. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu kwa waliyotendewa wagonjwa watatu, Beyene akiwamo, na The Lancet likaifuta makala ile.

Tunaposoma habari hii tunamkumbuka punda, si Kima. Na hapa tunataka kumtetea punda, ambaye kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini ya Kiswahili kilichochapwa amefanywa mfano wa mpumbavu. Aliyerudi kwa simba mara ya pili alidanganywa na mtaalamu wa maneno. Beyene alikuwa msomi, mwenye uvimbe unaomziba pumzi, mbele yake daktari mwenye jina. Kusema mtu kama huyo hana moyo wala masikio ni maneno ya sungura, na sungura ndiye aliyevila.

Turudi Anderlecht, kwa sababu hata maabara ya tezi ina watu wasiotajwa katika hadithi yake, nao ni jamaa zetu. Taasisi anakofanyia kazi Profesa Costagliola ilijengwa na Jacques Dumont. Mwaka 1963 Dumont, pamoja na André Ermans na Paul Bastenie, walichapisha utafiti wao juu ya rovu katika Uele, kaskazini mwa Kongo, ambako watu wengi walivimba shingo. Miaka michache baadaye Ermans, François Delange na Claude Thilly wakaandika kuhusu Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu ambacho baadhi ya wasomaji wetu wamezaliwa. Idjwi ilikuwa fumbo: iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na kuwa dogo kusini-magharibi. Kwa hiyo upungufu wa iodini haukutosha kueleza kila kitu. Kulifuatilia fumbo hilo kukawafikisha kwenye muhogo, ambao usipolowekwa na kuandaliwa vizuri huacha sumu ambayo mwili huigeuza kuwa kitu kinachoizuia tezi kunasa iodini. Kila mama wa Kivu anajua muhogo ulowekwe. Sababu ya shingoni ndiyo iliyokuwa mpya.

Elimu ya namna tezi inavyonasa iodini, ambayo ndiyo kipimo cha kwanza cha vifuko vya mwaka 2012, ilikuzwa kwa sehemu kwenye shingo za Uele na Idjwi. Watu walijipanga foleni, wakashikwa koo, wakatoa damu na mkojo. Tusiwe wachoyo wa shukrani: baadaye wengi walidungwa mafuta yenye iodini, na rovu likapungua, chumvi yenye iodini nayo ikaja. Haikuwa safari ya Papa. Lakini majina ya watafiti tunayo, na ya waliopimwa hatuna.

Na swali la nani atafaidika bado liko wazi. Wapo watoto wanaozaliwa bila tezi inayofanya kazi. Ubelgiji hugunduliwa katika siku za kwanza kwa tone la damu la kisiginoni, wakaanzishiwa kidonge cha kila siku, na akili zao zikaokoka. Nyumbani wengi hawapimwi, na hugunduliwa wakati umeshapita. Tone hilo la damu na kidonge hicho havingoji seli shina. Tunayasema haya huku tukiifurahia kazi ya Anderlecht. Tumesoma makala zake kwa furaha ileile tunayosomea riwaya nzuri.

Mzee wetu tulimpelekea rasimu ya uhakiki huu. Ameturudishia na maelezo kwa kalamu nyekundu: anataka tuandike kwamba katika kisa cha kwao, alichosimuliwa na bibi yake, Sultani ana jina. Jina lenyewe amelisahau. Kama yupo msomaji aliyekisikia kisa hiki kwa namna nyingine, iwe Lamu, Ngazija, Kigoma au Bukavu, na hasa kama kwao Papa akifika kwa Sultani kuna lolote linalosemwa, tunaomba atuandikie kabla ya toleo lijalo.